Dakota Yetu Imejifunza Kiswahili

Ndege ya DC-3 inayokuja ndani ya simuleta huwaka kirahisi mno. Unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, injini zote mbili zinanguruma, na kabla chai yako haijapoa umeshapaa. Jambo hilo lilitukera sisi sita wa klabu, watatu wa upande wa Dallas na Fort Worth na watatu wa Houston, ambao tangu Januari tumekuwa tukiitengeneza upya ndege hiyo kwenye kompyuta zetu. Wengine wakiiboresha ndege ya kale huifanya ing'ae. Sisi tulitaka iwe ngumu kama ile ya kweli. Tulitaka pia izungumze Kiswahili, na sehemu hiyo ndiyo iliyokula usiku wetu mwingi.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kukaa mbele ya simuleta: ni programu ya kompyuta ya kuigiza urubani, yenye dunia nzima ndani yake, kuanzia Hobby mpaka Zanzibar. Mnamo Novemba 2022, Microsoft Flight Simulator ilipotimiza miaka 40, watumiaji walipewa DC-3 bila malipo ya ziada. Kuiboresha maana yake ni kuandika mafaili yatakayokaa juu ya yale ya mwanzo: namba zinazoeleza nguvu ya injini na uzito, sauti, rangi za bodi, maandishi, na orodha ya ukaguzi anayoifuata rubani. Kazi hii haina mshahara. Ina macho mekundu tu siku ya Jumatatu.

Tuliichagua DC-3 kwa sababu ina undugu na pande zote mbili za maisha yetu. Upande wa Texas ni C.R. Smith, bosi wa American Airlines, mzaliwa wa Minerva, kijiji cha hapa hapa jimboni. Yeye ndiye aliyempigia simu Donald Douglas na kumbembeleza atengeneze ndege yenye vitanda vya abiria. Ndege ilipaa mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na Juni 1936 ikaanza kubeba watu: 21 wakiwa wamekaa, au 14 wakiwa wamelala. Moja ya ndege za kampuni hiyo, Flagship Knoxville, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la C.R. Smith huko Fort Worth, karibu na uwanja wa DFW. Nendeni mkaione. DC-3 hukalia gurudumu la mkia, pua ikitazama juu, kwa hiyo ikiwa imeegeshwa abiria hupanda kilima kidogo kwenda kwenye kiti chake, na rubani akiwa chini haoni kitu mbele isipokuwa mbingu.

Upande wa nyumbani ni East African Airways. Shirika hilo lilianza mwaka 1946 kwa ndege ndogo za Dominie, za mbao na kitambaa. Baada ya vita kulikuwa na maelfu ya DC-3 za kijeshi zilizokuwa zinatafuta kazi, zile ambazo Waingereza waliziita Dakota, na shirika likazichukua. Wazee wetu wanazijua kwa jina hilo la Dakota, si DC-3. Tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth alipopata habari ya kifo cha baba yake akiwa Kenya, Dakota ya shirika hilo ndiyo iliyomtoa Nanyuki na kumpeleka Entebbe, na huko akapanda ndege kubwa ya Argonaut kurudi London akiwa malkia. Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa kubeba walimu, wafanyabiashara, makarani, barua na vifaranga vya kuku.

Rangi tulizipaka kwa wiki moja. Herufi za kwenye bodi zilituchukua wiki tatu. Kila ndege duniani hubeba herufi za nchi ilikoandikishwa. Wakati wa ukoloni Kenya ilikuwa VP-K, Tanganyika VP-T, Uganda VP-U na Zanzibar VP-Z. Baada ya uhuru zikawa 5Y kwa Kenya, 5H kwa Tanzania na 5X kwa Uganda. Shirika lilikuwa moja, lakini ndege zake ziligawanywa katika madaftari ya nchi zote tatu. Sasa Dakota yetu iandikwe nini? Miongoni mwetu kuna wa Kisumu, wa Moshi, wa Jinja, wa Mombasa, na wawili ambao mama ni wa nchi hii na baba ni wa ile. Mjadala ulianza kama utani kwenye kundi la WhatsApp, ukapanda joto, na kufikia wiki ya pili wazazi walikuwa wakituma ujumbe wa sauti wa dakika saba.

Mwishowe tulipaka ndege tatu, kila moja na herufi zake. Mwenzetu mmoja aliandika: “Hongereni. Mmefanya kama 1977. Mlikuwa na shirika moja, sasa mna matatu.” Hakuna aliyemjibu usiku ule. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika likafa nayo. Januari ile ile Kenya ikaunda Kenya Airways, Machi Tanzania ikaunda Air Tanzania, na Uganda nayo ikabaki na Uganda Airlines. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya Februari 1977, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Sisi tulizaliwa miaka mingi baadaye, tena ng'ambo, lakini nyumbani kwetu bado kuna watu wanaokumbuka walikuwa upande gani wa mpaka siku ile.

Mmoja wao ni mzee anayeishi Arlington. Ni babu wa mwenzetu mmoja tu, ila sote tunamwita Babu na sote tunamwamkia shikamoo. Alitoka Tanga akiwa kijana, akajifunza ufundi katika karakana ya ndege Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mpaka ulipofungwa alikuwa likizo kwao. Sanduku lake la spana lilibaki Nairobi kwa rafiki, na rafiki alilitunza mpaka alipofariki. Babu husimulia hayo bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua ya zamani.

Tulimwekea sauti ya injini iliyokuja na simuleta. Akasikiliza, akainamisha kichwa, akasema, “Hiyo ni cherehani.” Kwa maelezo yake, injini ya Dakota ikiwaka haingurumi mara moja. Inakohoa kwanza. Inatoa moshi, silinda mbili zinakubali, ya tatu inagoma, nyingine zinafuata kwa shingo upande, na ndege nzima inatikisika kama basi bovu. Hapo ilibidi tutafute sauti halisi. Flagship Knoxville haingetufaa, kwanza kwa sababu imetulia jumbani, na pili injini zake ni za Wright zenye silinda tisa kila moja, wakati Dakota zilizotoka jeshini zilikuwa na Pratt & Whitney za silinda kumi na nne. Kwa bahati Texas haina uhaba wa watu wanaopenda vyuma vikuukuu. Huko San Marcos kuna That's All, Brother, ndege ya kijeshi ya aina hiyo iliyoongoza kundi kubwa la ndege za askari wa miavuli kuelekea Normandy Juni 1944, na bado inaruka. Mwenzetu wa Houston aliirekodi kwa simu ikiwashwa. Tulipomrushia Babu sauti hiyo alijibu kwa neno moja: “Naam.”

Kisha akatufundisha kuiwasha. Injini hizi zina silinda zilizopangwa duara, na ndege ikilala, oili hutiririka ikajaa katika silinda za chini. Ukipiga starta hivyo hivyo, pistoni inakutana na oili isiyobonyea, na kitu lazima kivunjike. Kwa hiyo kwanza mtu anaizungusha pangaboi kwa mkono, taratibu, akihesabu. Katika toleo letu ukiruka hatua hiyo injini inakufa, na huwezi kuendelea mpaka uanze upya. Wanaojaribu mara ya kwanza hutukasirikia. Tulimwuliza Babu pia kama tuweke madoa ya oili chini ya injini, akacheka: “Dakota isiyovuja oili haina oili.” Madoa yapo.

Mmeona tumeandika pangaboi. Tunajua kamusi inasema rafadha, na walimu wetu watatuwia radhi. Babu anasema kwa miaka yote aliyokaa karakanani hakuwahi kumsikia mtu akitamka rafadha. Tunajua pia kwamba pangaboi ni feni ya darini, na kwamba mwaka 2016, Bombardier Q400 za Air Tanzania zilipowasili, wapo waliozikebehi mitandaoni kuwa ni “ndege za pangaboi”. Sisi tumelichukua neno hilo kwa heshima. Mtu aliyewahi kuisimamisha pangaboi ya Dakota kwa mikono yake ana haki ya kuchagua jina lake.

Orodha ya ukaguzi imejaa maneno ya namna hiyo: breki, plagi, kabureta, oili, starta, imekubali, imegoma, imechemsha. Karibu yote yalitoka kwa Babu, na mengi mnayasikia gereji yoyote ya Tanga au Nairobi. Palipokosekana neno tulisema kwa urefu. Kuna jambo moja hata hivyo ambalo hatutaki kulificha. Marubani wa Dakota hizo miaka ya 1950 walikuwa Wazungu karibu wote, na chumba chao kilizungumza Kiingereza. Kiswahili kilikuwa chini, kwa mafundi, wapagazi na abiria. Kwa hiyo Dakota yetu inasema mambo ambayo ile ya kweli haikuyasema. Wawili kati yetu waliona huo ni uongo, wanne tukaona ni kulipa deni. Kura ilipigwa.

Tangazo la abiria tuliandika sisi, likasomwa na bibi mmoja wa Houston, mzaliwa wa Mombasa. Alisoma mstari wa kwanza akaweka karatasi chini. “Nani asemaye hivi, wanangu?” Akasema lake, bila karatasi, kwa sekunde kumi na mbili, na ndilo mtakalolisikia.

Safari tunayoipenda ni Dar es Salaam hadi Nairobi, yapata saa mbili na nusu kwa mwendo wa Dakota. Kabla ya kuwasha, tazameni saa inayopima msukumo wa hewa inayoingia kwenye injini. Injini ikiwa imezimwa, saa hiyo hupima hewa ya nje tu. Dar, kama Houston, itasoma karibu inchi 30 za zebaki. Mkifika Nairobi na kuzima, itasoma kati ya 24 na 25, kwa sababu mko juu zaidi ya futi 5,300 na hewa ni nyepesi. Tulitumia siku nne kuhakikisha mshale huo unasema kweli pande zote mbili. Ni kitu kidogo, lakini kinakuonyesha kwa nini Dakota iliyojaa ilipata shida kuondoka Nairobi mchana wa jua kali.

Njiani Kilimanjaro itakuwa kushoto kwenu, mita 5,895. Dakota haina kabini ya kuhifadhi hewa, hivyo mtakuwa kwenye futi 10,000 hivi, chini sana ya kilele. Mei 1955, Dakota ya East African Airways ikiwa katika njia hii hii iligonga mlima huo, na watu wote 20 waliokuwemo walikufa. Kuna aliyependekeza tuiigize safari ile, kwa mawingu yake. Tulikataa. Ndani ya faili tumeweka hali ya hewa ya asubuhi yenye mlima unaoonekana wazi, na anayetaka mawingu atayatafuta mwenyewe.

Mafaili yote matatu, 5H, 5X na 5Y, yako kwa katibu wa klabu. Mvua bado haijakamilika: Babu anasema kioo cha Dakota kilivuja na marubani walilowa mapaja, nasi hatujui namna ya kuyalowesha mapaja ya mtu akiwa kwake Plano.

Babu mwenyewe hajawahi kuirusha. Akija hututaka tuiegeshe Embakasi, tuzime injini, kisha anageuza kamera polepole kuelekea karakana. Kwenye simuleta karakana hiyo ni sanduku la kijivu tu, halina hata mlango. Anasema milango ilikuwa upande wa pili, ya kusukuma, na benchi yake ilikuwa ya tatu kutoka mwanzo. Tumeanza kuichora.