KIPEUO CHA PILI CHA 2: NAMBA ISIYOANDIKIKA KWA SEHEMU

Hiki ndicho kipindi chetu cha hesabu kwa madarasa ya watu wazima. Leo kila mmoja awe na karatasi moja mkononi, na mwalimu wa darasa awe na chaki, maana yapo mambo ya kuandika ubaoni. Asiye na karatasi atumie hata gazeti la zamani.

Katika somo lililopita tulijifunza kipeuo cha pili. Tulisema kipeuo cha pili cha 9 ni 3, kwa kuwa 3 mara 3 ni 9. Na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Leo nauliza: kipeuo cha pili cha 2 ni namba gani? Si 1, maana 1 mara 1 ni 1. Wala si 2, maana 2 mara 2 ni 4. Basi imo katikati ya 1 na 2. Hapana shaka mtasema kwamba ni sehemu: moja na nusu, au moja na robo, au moja na kitu fulani. Ndivyo mtu yeyote mwenye akili angelijibu, na jibu hilo ndilo tutakalolichunguza.

Asije mmoja wenu akadhani kwamba namba hii ni ya kubuni tu. Twaweza kuishika mkononi. Kateni karatasi iwe mraba kamili, pande zote nne sawa. Sasa kunjeni pembe zote nne zije zikutane katikati, kama mtu atengenezaye bahasha. Mmepata mraba mdogo. Utazameni vizuri: karatasi sasa imekuwa mbili-mbili kila mahali, haikupandana mara tatu wala haikuacha pengo. Kwa hiyo mraba mdogo ni nusu ya ule mkubwa. Tukisema upande wa mraba mdogo ni 1, basi eneo lake ni 1, na eneo la mraba mkubwa ni 2. Upande wa mraba mkubwa ukizidishwa kwa wenyewe hutoa 2. Upande huo, basi, ndio kipeuo cha pili cha 2, nanyi mmeushika.

Tena pimeni mraba mdogo kutoka pembe moja hata pembe inayoielekea. Mstari huo tunauita ulalo. Mtaona ulalo ni sawasawa na upande wa karatasi kabla ya kuikunja. Fundi mwashi anaujua ulalo, maana akitaka kuhakikisha kwamba msingi wa chumba umekaa mraba, huvuta kamba kutoka pembe hata pembe. Msingi ukiwa mraba wa mita 1, urefu wa kamba ile ndio namba tunayoitafuta.

Haya, tuitafute. Jaribuni 7 juu ya 5. Juu, 7 mara 7 ni 49. Chini, 5 mara 5 ni 25. Kama sehemu hii ingekuwa sawa, 49 ingekuwa mara mbili ya 25. Lakini mara mbili ya 25 ni 50. Imepungua kwa 1 tu! Jaribuni 17 juu ya 12. 17 mara 17 ni 289. Mara mbili ya 144 ni 288. Sasa imezidi kwa 1. Jaribuni 41 juu ya 29: 1681, nasi twataka 1682. Jaribuni 99 juu ya 70: 9801, nasi twataka 9800.

Nitawapeni njia ya kupata nyingine, mkae nazo jioni. Ukiwa na sehemu moja, jumlisha namba ya juu na ya chini, upate namba mpya ya chini. Kisha jumlisha ile ya juu na mara mbili ya ile ya chini, upate namba mpya ya juu. Kutoka 7 juu ya 5 hupata 17 juu ya 12, na kadhalika. Ukiendelea utafika 577 juu ya 408. Hiyo Wahindi wa kale waliijua, wakaiandika katika kanuni zao za kupimia madhabahu. 577 mara 577 ni 332,929, nasi twataka 332,928. Bado 1!

Hapa ndipo mtu huingiwa na tamaa. Ikiwa kila mara twakosa kwa 1 tu, je, si yamkini sehemu inayofuata italenga shabaha? Au ile ya baada yake? Wengi wamejaribu. Kipo kibao cha udongo kilichoandikwa Babeli, katika nchi inayoitwa leo Iraki, yapata miaka 1800 hadi 1600 kabla ya Kristo. Siku hizi kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Juu yake umechorwa mraba na ulalo wake, pamoja na kipeuo cha pili cha 2 kwa hesabu ya sitini-sitini, kama tunavyohesabu dakika na sekunde. Kosa lake halifiki moja katika milioni. Na katika zama zetu kompyuta zimekokotoa tarakimu za namba hii zaidi ya trilioni 1. Huanza 1.41421356, kisha huendelea bila kufika mwisho.

Lakini angalieni sana, ndugu zangu. Mtu aliyejaribu sehemu elfu moja akashindwa, amejua nini? Amejua kwamba hizo elfu moja si zenyewe, basi. Ya elfu moja na moja hajui habari zake. “Haijaonekana” ni neno moja, na “haipo” ni neno jingine kabisa. Trilioni za tarakimu haziwezi kutuvusha kutoka neno la kwanza hata la pili. Ila twaweza kuvuka kwa kufikiri tu, na safari yenyewe ni fupi.

Kwanza kumbukeni: namba shufwa ni ile igawanyikayo kwa 2 bila baki, kama 4 na 10. Namba witiri ni ile inayobakiza 1, kama 3 na 7. (Waislamu miongoni mwenu walilijua neno hili kabla ya kuja darasani, kwa sala ya witiri, ambayo rakaa zake hazigawanyiki mbili-mbili.)

Chukueni kwamba yuko mtu anayedai, “Mimi ninayo sehemu hiyo,” wala hataki kuitaja. Haidhuru, hatuna haja ya kuiona. Tutamwomba jambo moja tu: aifupishe. Kama vile 6 juu ya 8 hufupishwa ikawa 3 juu ya 4, naye agawanye juu na chini kwa 2, tena na tena, mpaka zisiwe zote mbili shufwa. Kila sehemu yaweza kufupishwa hivyo, maana kila tukigawanya, namba hupungua, wala namba nzima haziwezi kupungua milele. Asema, “Tayari.” Basi ya juu tuiite J, na ya chini tuiite C. Mwalimu aandike ubaoni:

J mara J = mara mbili ya C mara C

Kitu kilicho mara mbili ya namba nzima ni shufwa. Kwa hiyo J mara J ni shufwa. Je, J yenyewe yaweza kuwa witiri? Tuone. 3 mara 3 ni 9, 5 mara 5 ni 25, 7 mara 7 ni 49, zote witiri. Lakini tumekwisha kukubaliana kwamba mifano haitoshi, twataka sababu. Pangeni viti safu 7, kila safu viti 7. Safu ya kwanza iwe pacha wa ya pili, ya tatu pacha wa ya nne, ya tano pacha wa ya sita. Kila kiti kina mwenzake. Imebaki safu moja ya viti 7. Navyo vikipangwa viwili-viwili, hubaki kimoja. Badala ya 7 wekeni witiri yoyote mpendayo, mambo yatakuwa yale yale. Witiri mara witiri ni witiri daima. Basi J haiwezi kuwa witiri. J ni shufwa.

Ikiwa J ni shufwa, ina nusu yake, nayo ni namba nzima. Tuiite N. J ni mara mbili ya N. Kwa hiyo J mara J ni mara nne ya N mara N. Mfano: nusu ya 10 ni 5, 10 mara 10 ni 100, nayo ni mara nne ya 25. Sasa mwalimu aandike chini ya mstari wa kwanza:

Mara nne ya N mara N = mara mbili ya C mara C

Gawanyeni kila upande kwa 2:

Mara mbili ya N mara N = C mara C

Mwaona? C mara C nayo ni mara mbili ya kitu. Basi ni shufwa, na kwa ile sababu ya viti, C nayo ni shufwa. Lakini mwenye sehemu alituhakikishia kwamba J na C si zote shufwa! Hawezi kusema kwamba alisahau kufupisha; aifupishe mara ngapi, hoja yetu itamrudia vile vile. Sehemu aliyodai kuwa nayo haipo. Si kwamba imejificha, haipo.

Wagiriki wa kale waliijua hoja hii. Aristotle, aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, aliitaja kama jambo lililokwisha kujulikana na wasomi. Ipo pia hadithi kwamba aliyefichua siri hii aliangamia baharini. Ilisimuliwa mamia ya miaka baadaye, na mimi siitilii maanani. Linaloniajabisha mimi ni kwamba hoja hii haimtaki mtu amwamini Aristotle, wala mwenye kusema redioni. Mwanafunzi wa darasa lenu anayejua shufwa na witiri aweza kuikagua hatua kwa hatua, na akiona kombo, ana haki ya kumsimamisha profesa.

Fundi mwashi asiwe na wasiwasi. Kwa msingi wa mraba wa mita 10, ulalo ni mita 14, sentimita 14 na milimita 2, na kamba yake haiwezi kupima zaidi ya hapo.

Sasa kazi ya darasa. Hoja njema haina budi kukataa kuthibitisha uongo. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2, namba nzima kabisa. Basi rudieni hatua zote ukiweka “mara nne” mahali pa “mara mbili” katika mstari wa kwanza, mtafute ni hatua ipi inayovunjika. Mkimaliza, jaribuni 3. Hapo itawapasa kupanga viti vitatu-vitatu badala ya viwili-viwili. Plato ameandika kwamba Theodorus wa Cyrene, mji uliokuwa katika nchi ya Libya ya leo, alizishughulikia namba za namna hii kuanzia 3 hata 17, moja moja. Zile ambazo vipeuo vyake ni namba nzima hazikumsumbua. Ziandikeni ni zipi, nasi wiki ijayo tutaanzia hapo.