Uzi, Kilima na Kiti: Kupima Mwili Bila Kutegemea Mizani

Tuanze na kisa.

Kikundi kimoja cha akina mama huku Ukambani kiliniita niwatembelee. Walikuwa wanachama kumi na sita, wanasuka viondo na kuchanga pesa kila Jumanne chini ya mwembe. Ndani ya mwaka mmoja wawili wao walipatikana na presha, na wa tatu akapatikana na sukari. Wote waliambiwa neno lile lile huko zahanati: punguza uzito, tembea, usikae tu. Basi kikundi kikaamua watembee pamoja, jioni, siku tano kwa wiki. Wakaniuliza, "Na tutajuaje kama tunaendelea?"

Nikajibu haraka bila kufikiri sana: "Nunueni mizani."

Wakachanga, wakanunua ile mizani ndogo ya kusimama juu yake. Kila Jumanne, kabla ya michango, kila mama alipanda, katibu akasoma kilo kwa sauti na kuandika kwa daftari. Wiki za kwanza tulifurahi. Wiki ya sita, yule mama mwenye sukari akasomewa kilo moja zaidi ya ile aliyoanza nayo. Wenzake wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Yeye hakucheka.

Jumanne iliyofuata alikuja akiwa hajala tangu mchana wa jana yake, ili kilo zishuke. Lakini tembe zake za sukari alikuwa amemeza. Njiani akaanza kutetemeka na kutoka jasho, magoti yakalegea, akaketi chini kando ya barabara. Bahati nzuri waliokuwa naye walijua la kufanya. Kwa kuwa bado alikuwa anaweza kumeza, walimpa chai yenye sukari nyingi, akapata nafuu, wakampeleka zahanati. Lakini kwa kikundi hakurudi. Alikaa nyumbani miezi mitatu kwa sababu ya aibu.

Kosa lilikuwa langu. Nilipomtembelea kwake aliniambia kwamba alijiona ameshindwa kabisa. Halafu, tukiwa tunaagana, akasema jambo lingine kama la kupita tu: siku hizi anapanda kilima cha kanisa bila kupumzika, na zamani alikuwa akikaa kwa mawe mara mbili.

Hiyo ndiyo faida tuliyokuwa tunaitafuta, na katika daftari letu hapakuwa na mahali pa kuiandika!

Kwa nini mizani inadanganya

Mizani si mbaya. Kazi yake ni kupima uzito wa kila kitu kilicho ndani yako na juu yako: mifupa, nyama, mafuta, maji, chakula, hata leso na viatu. Haiwezi kukuambia ni kipi kimeongezeka. Angalia mambo haya:

– Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukinywa maji mengi kabla ya kupimwa, umeongeza uzito lakini hukunenepa. Chumvi nyingi pia huufanya mwili ushike maji. Kwa akina mama, siku zinazotangulia hedhi mwili hushika maji pia.

– Msuli ni mzito kuliko mafuta ya ukubwa ule ule. Mtu anayeanza kutembea na kulima kwa bidii anaweza kupunguza mafuta tumboni huku miguu ikiongeza msuli. Mizani inasema "hakuna kitu", kumbe mwili umebadilika.

– Ile mizani ndogo inataka sakafu ngumu na iliyo sawa. Ukiiweka juu ya udongo, mkeka au zulia, itasema uongo. Sisi tulikuwa tukiiweka chini ya mwembe!

Jambo kubwa zaidi ni hili: kutembea kunasaidia kushusha presha na kusaidia sukari ya damu hata kama kilo hazijashuka. Kwa hivyo mtu akiacha kutembea kwa sababu ya kilo, anaacha dawa inayofanya kazi.

Wengine watasema mazoezi ni ya watu wa mjini, sisi wa kijijini tunachoka tayari. Ni kweli kwa anayechimba matuta ya fanya juu na kubeba mtungi wa lita 20 kila siku. Lakini tuseme ukweli. Bomba limefika karibu, mashine ya unga iko sokoni, na kwenda sokoni ni kwa bodaboda. Tunashukuru kwa hayo yote, lakini miguu imepumzika kuliko zamani. Uchunguzi wa Wizara ya Afya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne hapa Kenya ana presha, na wengi wao walikuwa hawajui.

Vipimo vitano ambavyo kikundi kinaweza kutumia

1. Uzi. Mafuta yenye hatari zaidi kwa moyo na sukari ni yale ya tumboni, kwa hivyo tunapima kiuno. Huhitaji kujua kusoma namba. Chukua uzi usiovutika, kama ule wa katani tunaosukia viondo. Simama wima bila viatu, mwenzako apime urefu wako kutoka kisigino hadi utosini, akate. Sasa kunja uzi huo katikati, mara moja. Zungusha uzi uliokunjwa kiunoni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani, wala usikaze uzi.

Kama ncha zinakutana na nafasi inabaki, uko vizuri. Kama hazifikiani, kiuno chako kimepita nusu ya urefu wako, na hapo hatari ya presha, sukari na ugonjwa wa moyo inaongezeka. Hiki si kipimo cha kienyeji tu. Mwaka 2022, huko Uingereza, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu (NICE) ilishauri watu wazima waweke kiuno chini ya nusu ya urefu wao.

Kwa kufuata maendeleo, chukua uzi wa pili, uzungushe kiunoni na upige fundo pale unapokutana. Mwezi ujao pima tena, asubuhi kabla ya kula, upige fundo lingine. Mafundo yakirudi nyuma kidogo kidogo, tumbo linapungua. Pima mara moja kwa mwezi tu. Mama mjamzito asitumie kipimo hiki.

2. Kilima. Chagueni njia moja ambayo kila mtu anaijua, kwa mfano kutoka bomba la maji hadi lango la kanisa. Kila mmoja aipande kwa mwendo wake, bila mzigo, na mwenzake aangalie saa ya simu. Andika dakika ngapi na ulipumzika mara ngapi. Rudieni njia ile ile baada ya mwezi. Haya si mashindano ya mama fulani na mama fulani. Unashindana na wewe wa mwezi uliopita.

Katika matembezi ya kila siku, jipime kwa sauti. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, mwendo ni mzuri. Ukiweza kuimba wimbo mzima, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afikishe angalau dakika 150 za mwendo kama huo kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kulima na kubeba maji pia kunahesabiwa.

3. Kiti. Tafuta kiti imara kisicholegea, kiegemeze ukutani. Keti katikati ya kiti, nyayo zikiwa chini, mikono imekunjwa kifuani. Mwenzako akisema "anza", simama wima kabisa, kisha keti tena, mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Hesabu mara ulizosimama. Hiki kinapima nguvu za miguu, na kinawafaa sana wazee wetu. Kwa mama wa miaka 60 hadi 64, akiwa chini ya mara 12, na kwa mzee wa miaka hiyo akiwa chini ya mara 14, miguu imedhoofika na yuko katika hatari ya kuanguka. Asikate tamaa. Aanze na kusimama na kuketi mara chache kila siku, na hesabu itapanda. Mtu mzee awe na mwenzake wa kumshika.

4. Mapigo ya moyo. Asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kazi, keti utulie dakika tano. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Utasikia mpigo. Hesabu kwa dakika moja nzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, kawaida ni kati ya 60 na 100. Moyo ukizoea kazi hupata nguvu, na baada ya wiki kadhaa mapigo ya kupumzika yanaweza kupungua, kwa sababu kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi. Dawa nyingine za presha hupunguza mapigo, kwa hivyo usijilinganishe na jirani. Yakizidi 100 ukiwa umetulia, au yakienda ovyo ovyo, nenda ukaonwe.

5. Presha na sukari. Hivi hatuvipimi kwa uzi. Nenda zahanati, au mwombe mhudumu wa afya wa kijijini. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu hao mifuko yenye vifaa, vikiwemo kipimo cha presha na cha sukari. Mwalikeni siku ya mkutano. Presha ikifika 140 juu au 90 chini, na ikabaki hivyo ikipimwa tena siku nyingine, hiyo ni presha ya juu na inahitaji matibabu. Ikishuka kwa sababu unatembea, mshukuru Mungu, lakini usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe. Mwache daktari aamue.

Daftari la kikundi

Hapa ndipo tulipokosea, kwa hivyo nasisitiza. Mambo ya mwili wa mtu ni siri yake. Kila mwanachama awe na ukurasa wake, au kijitabu chake, na uzi wake akae nao nyumbani. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtu anayemwamini. Katibu asisome kiuno wala kilo za mtu mbele ya watu.

Kinachosomwa mkutanoni ni kitu kimoja: siku ngapi umetembea wiki hii. Siku hizo ziko mikononi mwako. Kilo haziko mikononi mwako. Ukitembea siku tano, umetimiza sehemu yako, na wenzako wakupigie makofi hata kama mizani imekataa kusonga.

Kama mnayo mizani, msiitupe. Itumieni mara moja kwa mwezi, juu ya sakafu ya saruji, asubuhi, nguo nyepesi, na kila mtu asome mwenyewe.

Tahadhari

– Usishinde njaa ili upendeze kwenye kipimo. Anayetumia dawa za sukari asiruke chakula, na akienda kutembea abebe kitu kitamu, kama peremende au glukosi.

– Ukiwa na maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika, simama hapo hapo na utafute msaada wa haraka.

– Mwenye presha ya juu sana, ugonjwa wa moyo au kidonda cha mguu aongee na daktari kabla ya kuanza.

– Ukikonda bila kujaribu, usifurahi. Inaweza kuwa sukari, kifua kikuu au ugonjwa mwingine. Nenda ukapimwe.

– Miguu ikivimba na kilo zikipanda kwa siku chache tu, hayo yanaweza kuwa maji mwilini kwa sababu ya moyo au figo. Usingoje mwezi uishe.

Yule mama alirudi. Hatukumwita kwa hotuba. Mweka hazina alienda kwake jioni moja na uzi mbili, moja yake na moja ya mwenziwe, wakapimana wenyewe nyumbani. Sasa uzi wake una mafundo saba, na la mwisho liko upana wa vidole vitatu nyuma ya lile la kwanza. Kilo zake? Zimeshuka mbili tu. Kwa mizani peke yake tungesema hakufanya kitu. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima ujue kibaba chako ni kipi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni kazi gani za mwili ambazo tumeacha kuzifanya miaka hii? Ni nini kimechukua nafasi yake?

2. Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja kwa sababu ya aibu? Nani atamtembelea, na lini?

3. Tutatumia njia gani kwa kipimo cha kilima? Nani atashika saa?

4. Nani atamwalika mhudumu wa afya kuja kupima presha kabla ya mwezi kuisha?