Mwalimu mlezi akifa, kazi yake isizikwe naye

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimkumbuke mwalimu mmoja wa hapa Tunduma aliyefariki dunia ghafla, na nitoe maoni yangu juu ya kazi aliyoiacha. Jina lake sitalitaja, kwa sababu jamaa zake bado wana majonzi, na kwa sababu ninayotaka kuyasema hayahusu shule moja tu.

Marehemu alikuwa akifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa. Juu ya vipindi vyake alipewa kazi ya malezi na ushauri nasaha, yaani yeye ndiye aliyeendewa na wanafunzi wenye shida. Alikuwa bado kijana, mama wa watoto wawili, na yule mdogo alikuwa hajaachishwa ziwa. Siku moja alifundisha kama kawaida, akarudi nyumbani, akapika, akawalaza wanawe. Usiku alishikwa na maumivu makali ya kichwa, na kabla ya kupambazuka alikuwa ametutoka.

Kwa msomaji asiyeujua mji wetu, Tunduma iko mpakani. Ukivuka tu uko Nakonde, Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapita katikati ya mji, na reli ya TAZARA inapita hapa pia. Malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo hupanga foleni ndefu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta katika mji huu watu zaidi ya 200,000. Biashara ipo na fedha inazunguka, lakini wapo pia wageni wengi wanaolala usiku mmoja na kuondoka. Binti wa Kidato cha Pili anayemsaidia mama yake kuuza mayai ya kuchemsha kando ya malori husikia maneno mengi ambayo mtoto hapaswi kuyasikia.

Matokeo yake yanajulikana. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Songwe, kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, wasichana 45 walikuwa wamekwisha kushika mimba. Kwa nchi nzima walikuwa 22. Mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka Mbeya, ndio ulioongoza. Hiyo si sifa ya kujivunia hata kidogo.

Sheria ipo. Tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Mimi naiunga mkono sheria hiyo. Lakini sheria huja wakati maji yamekwisha kumwagika. Mwalimu mlezi ndiye anayeweza kufika mapema, na marehemu alikuwa akifika mapema kweli kweli.

Mwanafunzi akikosa siku tatu mfululizo, mwalimu huyu alikwenda kwao kwa miguu baada ya masomo, mtoto wake akiwa mgongoni. Hakwenda kugomba. Alikuwa akikaa jikoni na mama wa nyumba, wanachambua maharage pamoja, na habari zote alizipata hapo. Mara nyingine aligundua kuwa mtoto hana sare. Mara nyingine kwamba amepelekwa Mbozi kuchuma kahawa kwa kibarua. Mara nyingine ilikuwa habari mbaya zaidi, na hapo hakunyamaza. Kuna baba mmoja aliyetaka kumaliza jambo la binti yake kwa kupokea ng'ombe. Mwalimu alimwambia mbele ya wazee, kwa heshima, kwamba ng'ombe wataisha na binti atabaki.

Novemba 2021 Serikali ilipotangaza kuwa wasichana waliokatizwa masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi shuleni, wazazi wengi hawakuamini. Wengine waliona aibu. Marehemu aliwaendea nyumba kwa nyumba akawaeleza. Nawajua wasichana waliorudi kwa sababu yake. Aliweza kusema nao kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa akinyonyesha, na alijua uchovu wa kuamka usiku na mtoto kisha asubuhi uwe darasani.

Sasa, Ndugu Mhariri, nifike kwenye hoja yangu. Tulipotoka makaburini binti mmoja alimwuliza mama yake, "Mambo yangu sasa nimwambie nani?" Swali hilo halikupata jibu. Kazi yote ya ushauri ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Hakuwa na msaidizi, wala chumba cha kusemea na mtoto faraghani. Alikuwa akiwasikiliza chini ya mti, huku wenzao wakipita na kucheka. Vipindi vyake vya kufundisha havikupunguzwa hata kimoja. Nani anafuatwa, nani yuko hatarini, nani ameahidi kurudi muhula ujao, yote hayo yalikuwa kichwani mwake, na yamekwenda naye.

Napendekeza kwa wahusika mambo haya. Kwanza, kila shule iwe na walimu walezi wasiopungua wawili, mwanamke na mwanamume, maana wavulana nao wana shida zao. Pili, walimu hao wapunguziwe vipindi na wapewe mafunzo, kwani moyo mwema peke yake hautoshi. Tatu, kipatikane chumba chenye mlango, hata kama ni stoo iliyosafishwa. Nne, kiwepo kitabu cha siri kinachofungiwa, ili mwalimu akihamishwa, akiugua au akifa, mwingine aendelee pale alipoishia.

Na sisi wazazi tusikae kando tukilaumu. Kujenga ukuta na kununua mlango si kazi ya kusubiri bajeti. Tunachangia harusi kila mwezi, je, tutashindwa mifuko michache ya saruji?

Mwisho, nawakumbusha majirani juu ya watoto wake wawili. Sisi ni hodari wa kujaza matanga, lakini baada ya siku chache mfiwa hubaki peke yake. Mume wake anahitaji mtu wa kumsaidia kukusanya vyeti vya kuzaliwa vya watoto na karatasi nyingine ili mafao ya marehemu yasichelewe. Anahitaji pia mtu wa kumpokea yule mdogo mchana, baba yake akiwa kazini. Marehemu alizunguka mji mzima kwa ajili ya watoto wa wenzake. Wanawe wasije wakakosa mtu wa kubisha hodi mlangoni mwao.

Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi. Amina.

Mzazi,
Mpemba, Tunduma.