Onyo la Kompaila, Nyumbani na kwa Wageni

Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C haifanyi kazi mpaka ipite kwa kompaila, ambayo husoma maandishi ya mwandishi na kuyageuza kuwa amri za mashine. Ikikuta jambo lisilowezekana, hugoma. Hilo huitwa kosa. Ikikuta jambo linalowezekana ila linatia shaka, hufanya kazi yake hadi mwisho na kuacha ujumbe: mstari wa 214, kigeu hiki kimetajwa lakini hakitumiki popote. Hilo ni onyo. Programu itapatikana na itafunguka vizuri tu, na ujumbe ule utapanda juu ya skrini na kupotea.

GCC, kompaila huria ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, ina swichi iitwayo -Werror. Ukiiwasha, kila onyo linahesabiwa kuwa kosa, na hupati programu mpaka ulishughulikie. Wanaoandika programu huria wamebishana kuhusu swichi hii kwa miaka mingi. Mimi natunza maktaba ndogo ya programu huria hapa Dodoma, na msimamo wangu ni huu: swichi iwake kwenye mashine za mradi wenyewe, na isisafiri kwenda kwa mtumiaji.

Nianze na sababu ya kuiwasha. Programu huria huandikwa na watu wasiofahamiana. Mmoja analeta mchango wake jioni baada ya kazi, mwingine yuko chuoni, mwingine analeta mara moja na harudi tena. Kila mmoja akiacha onyo moja dogo, hakuna anayejiona na deni. Baada ya miaka michache ukijenga programu unapata maonyo mia tatu, na la mia tatu na moja, ambalo ndilo la hatari, haliwezi kusikika, kama mtu anayekuita Kariakoo siku ya mkesha wa Idi.

Na onyo la hatari lina sura gani? Novemba 2003 mtu aliingia kwa siri kwenye seva iliyokuwa na nakala ya msimbo wa Linux, akapachika mistari miwili. Ndani ya sharti refu kulikuwa na maneno haya: (current->uid = 0). Katika C, alama mbili za usawa zinauliza: je, hiki ni sawa na kile? Alama moja haiulizi, inaweka. Namba 0 ni ya mkuu wa mashine, anayeruhusiwa kila kitu. Msomaji wa haraka angedhani mstari unauliza kama mtumiaji ni mkuu. Kumbe unampa ukuu. Yeyote aliyejua siri hiyo angeita amri moja ya kawaida kwa machaguo mawili maalumu, na mashine ingekuwa yake.

GCC ina onyo la jambo hilihili, kwa sababu kuandika alama moja badala ya mbili ni kosa la kila siku. Lakini ukizungushia mabano, kompaila inachukulia kwamba umekusudia, inanyamaza. Aliyepachika mistari ile aliweka mabano, na ndani ya sharti refu mabano hayo yalionekana ya kawaida kabisa. Kilichoifichua mistari hiyo ni ukaguzi uliolinganisha nakala ile na ghala kuu la msimbo na kukuta badiliko lisilo na kumbukumbu. Kwa hiyo sisemi kwamba maonyo yanatosha. Nasema mstari kama huo, bila mabano na bila nia mbaya, unaandikwa na watu wema waliochoka, na wao kompaila huwaambia. Ni wajibu wetu kuhakikisha wanaweza kusikia.

Linus Torvalds mwenyewe, aliyeanzisha Linux, alifika hapo. Septemba 2021, Linux 5.15 ikiwa inaandaliwa, aliiwasha -Werror kwa kila anayejenga kiini cha Linux. Yeye alitaka ujenzi usio na onyo hata moja, na alikuwa amechoka kuwaona wengine wakileta michango yenye maonyo bila kuyajali. Malalamiko yalianza mara moja. Kiini cha Linux hujengwa kwa aina nyingi za prosesa na kwa matoleo mengi ya kompaila, na msimbo uliokuwa safi kwenye mashine yake ulitoa maonyo kwenye mashine za wengine, ujenzi ukakwama. Baada ya siku chache uamuzi ulirekebishwa: swichi ibaki imewaka kwa ujenzi wa majaribio, na watu wengine waachiwe wachague. Kwangu huo ndio uamuzi bora kuliko yote mawili yaliyotangulia, na nimeuiga.

Ugumu ni kwamba orodha ya maonyo haisimami. Kila toleo jipya la kompaila huja na macho mapya. GCC 6 ya mwaka 2016 ilianza kuonya kuhusu mistari iliyopangwa kwa namna ya kumpoteza msomaji, na GCC 7 ya mwaka uliofuata ikaongeza mengine. Msimbo haujabadilika hata herufi moja, lakini jana ulikuwa safi na leo una maonyo kumi. Kama -Werror imeandikwa ndani ya programu, basi programu ya mwaka juzi haijengeki kwenye kompyuta ya mwaka huu.

Anayeumia ni nani? Ni kijana wa Morogoro aliyetumia bando lake kupakua msimbo usiku, akaamuru ujengwe, akakuta umegoma kwa ajili ya kigeu kisichotumika. Yeye hakukiandika na hawezi kujua kama kukifuta kuna madhara. Alitaka kutumia programu tu. Watunzaji wa Gentoo, mfumo ambao watumiaji wake hujijengea wenyewe karibu kila programu, wana kanuni iliyoandikwa: swichi hiyo haitakiwi kwenye vifurushi vyao, na ikikutwa huondolewa.

Kuna hatari nyingine ninayoiogopa zaidi. Mtu akizuiwa na onyo, njia fupi ni kulinyamazisha. Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian, mfumo mwingine wa Linux, alikuwa anahangaika na malalamiko ya Valgrind, chombo kinachokagua jinsi programu inavyotumia kumbukumbu ya kompyuta. Chombo kilisema OpenSSL, maktaba inayotengeneza funguo za siri, inasoma kumbukumbu ambayo haijajazwa kitu. Mistari miwili ikazimwa, na malalamiko yakaisha. Mmoja kati ya hiyo ungeweza kuondoka bila madhara. Wa pili ndio uliokuwa ukichanganya bahati nasibu ndani ya funguo. Ukiondoa huo, kilichobaki kubadilika kilikuwa namba ya mchakato, isiyozidi 32,768. Kompyuta ya kawaida inaweza kujaribu zote. Mpaka Mei 2008 ilipogundulika, mashine za Debian na za Ubuntu, mfumo uliotokana nayo, zilikuwa zimetengeneza funguo dhaifu karibu miaka miwili, na zote zikalazimika kubadilishwa.

Ndiyo maana mchango unapokwama kwenye mashine zetu za majaribio, sipendi kuona onyo limetoweka bila maelezo. Hivi karibuni binti mmoja aliniandikia: "Shikamoo dada, mashine imenikatalia, niweke alama ya kulizima hilo onyo?" Nikamjibu: "Marahaba. Kwanza niambie, ulitaka mstari huo ufanye nini?" Alikuwa analinganisha namba inayoweza kuwa hasi na namba isiyoweza. Kompyuta ikilinganisha hizo mbili, hasi moja inaweza kugeuka kuwa zaidi ya bilioni nne, na kitanzi kinachopaswa kusimama hakisimami. Hakuzima onyo. Alibadilisha aina ya kigeu kimoja, na katika maelezo ya mchango akaandika sababu kwa sentensi mbili.

Wanaosema kompaila iendelee kuonya tu na kuwaachia watu hiari, nawaomba watazame GCC 14, iliyotoka Mei 2024. Kuita kazi, yaani kipande cha msimbo chenye jina, ambayo haijatangazwa kuliondolewa kwenye kanuni za C mwaka 1999. Kompaila ikaendelea kuvumilia kwa onyo tu, robo karne nzima, ingawa kwenye mashine za biti 64 tabia hiyo inaweza kukata anwani ya kumbukumbu katikati. GCC 14 ikaligeuza kuwa kosa, na hapo mifumo kama Fedora na Gentoo ikalazimika kurekebisha vifurushi vingi ambavyo watunzaji wake waliishi na onyo hilo muda wote.

Katika mradi wetu -Werror imo kwenye faili linaloongoza mashine za majaribio, pamoja na majina ya matoleo ya kompaila tunayoyatumia. Kompaila mpya ikitoka, tunaijaribu pembeni, tunasoma maonyo yake moja moja, kisha ndipo tunaiingiza kwenye orodha. Kwenye faili la kujengea analopakua mtumiaji, swichi hiyo haimo.