Kaunta buku kwanza, huduma ya barua pepe baadaye

Msimu wa korosho ukifunguliwa, Oktoba hivi, fedha huingia Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kwa mkupuo. Chama Kikuu cha Ushirika RUNALI, kinachounganisha vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huendesha minada ambayo siku hizi hupita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mkulima analipwa kupitia akaunti yake, na kwa wiki chache kila mwenye biashara anataka asikike: muuza bati, muuza pikipiki, mwenye gesti, fundi cherehani wa sare za shule. Wiki hizo zikipita, mji unatulia. Biashara ndogo ya huku huishi kwa misimu, ufuta katikati ya mwaka, mbaazi zikifuata, kisha korosho. Anayekosa kusikika wakati wake husubiri miezi.

Ndiyo maana suala la kuwafikia wateja kwa gharama inayobebeka linagusa watu wa Lindi kama linavyogusa wa Dar es Salaam. Kijana aliyerudi kutoka chuo atakujibu upesi: zipo huduma za kutuma barua pepe kwa wateja wengi kwa mara moja, nyingine bure kabisa, fungua akaunti, weka picha za bidhaa, tuma kijarida kila wiki. Simpingi. Huduma hizo zimewainua wafanyabiashara wadogo wengi duniani, na humu wilayani wapo ambao zingewafaa kuliko tangazo la redio. Tatizo ni kwamba wengi huanza kwa kuchagua huduma, ilhali cha kujua kwanza ni mteja gani unataka kuongea naye, na huyo mteja anasoma wapi.

Tazama barua pepe inavyoishi huku kwetu. Watu wengi wana anwani ya Gmail kwa sababu simu ya Android iliidai siku ya kwanza. Mara nyingi aliyeifungua ni fundi au muuza simu pale kaunta: akaandika jina la mteja, akaongeza tarakimu mbili tatu, akabuni nywila mwenyewe, simu ikawaka, mteja akaondoka. Mwenye simu haijui hata anwani yake. Ukimwomba akutajie, atakusomea kitu chenye makosa, na hata kikiwa sahihi, sanduku hilo halijafunguliwa tangu siku ile. Ukimtumia kijarida mtu huyo, umeandika barua na kuiacha mezani kwako.

Wapo, hata hivyo, wanaofungua barua pepe kila asubuhi kwa sababu kazi inawalazimu. Mzabuni aliyesajiliwa NeST, mfumo wa ununuzi wa umma ulioanza kutumika mwaka 2023. Mhitimu anayeomba kazi serikalini kupitia Ajira Portal. Mhasibu wa halmashauri, ofisa wa shirika lisilo la kiserikali, mtaalamu anayekuja Ruangwa kwa ajili ya madini ya kinywe, na mnunuzi wa korosho zilizobanguliwa aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Muscat. Muuza vifaa vya ofisi mjini Nachingwea anaweza kuwa na wateja thelathini tu wa aina hiyo, lakini thelathini hao wakinunua karatasi na wino kwa mwaka mzima, barua moja kwa mwezi yenye orodha ya bei inamlipa.

Kikundi cha akina mama kinachobangua korosho kinastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi, maana hapo ndipo barua pepe inaonyesha nguvu zake. Mnunuzi wao yuko mbali. Anataka maandishi anayoweza kuyahifadhi, kumwonyesha bosi wake na kuyarejea wiki ijayo. Anaongea lugha ya madaraja: W240, W320, herufi ikiwa na maana ya korosho nyeupe nzima na namba ikieleza zinaingia ngapi kwenye ratili moja, kwa hiyo namba ikiwa ndogo korosho ni kubwa. Kijarida kinachomfaa hakihitaji mapambo. Daraja gani lipo, kilo ngapi, bei kwa kilo, mzigo utakuwa tayari tarehe ipi, umefungwaje, nani apigiwe simu. Mistari sita, na picha moja ndogo ya korosho zenyewe zikiwa kwenye ungo, mwanga wa kutosha. Bango la rangi lenye uzito mkubwa linamla mnunuzi bando, na Gmail hukata barua ambayo maandishi na msimbo wake vinazidi kilobaiti 102, hivyo sehemu ya chini, ambako watu wengi huweka namba ya simu, inajificha.

Nachingwea inajua gharama ya kuleta mitambo kabla ya kupima udongo. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kusini. Walijenga bandari ya Mtwara na kulaza reli kuja huku, wakati mvua na udongo havijachunguzwa vya kutosha. Mradi ukafutwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Duka moja si mradi wa dola, lakini mpangilio wa kazi ni ule ule: kwanza ujue ardhi unayolima.

Sasa bei. Neno bure lisomwe pamoja na tarehe. Mailchimp, kampuni iliyoanzia Atlanta nchini Marekani mwaka 2001 na kununuliwa na Intuit mwaka 2021, iliwahi kutoa nafasi ya wateja 2,000 bila malipo; baadaye ikashusha hadi 500. MailerLite, yenye asili ya Lithuania, ilikuwa ikitoa 1,000, nayo mwaka 2025 ikashuka hadi 500. Brevo ya Ufaransa, iliyokuwa ikiitwa Sendinblue hadi 2023, inahesabu kwa njia nyingine: inakuruhusu barua 300 kwa siku bila malipo, na ukilipia unalipa kulingana na barua unazotuma, badala ya idadi ya majina uliyohifadhi.

Tofauti hiyo ya mwisho ndiyo ninayoomba mfanyabiashara wa huku aitie akilini kuliko zote. Huduma inayotoza kwa idadi ya majina itakutoza Februari, umelala, sawa na ilivyokutoza Novemba. Mailchimp tangu 2019 inahesabu hata waliojiondoa kwenye orodha, mpaka uwaweke kando wewe mwenyewe. Kwa biashara ya msimu, lipia unachotuma. Miezi ya mnada utatuma sana, miezi ya kupalilia utatuma kidogo, na bili iende hivyo hivyo.

Kuna gharama nyingine zisizoandikwa kwenye ukurasa wa bei. Malipo ni kwa dola, kwa hiyo unahitaji kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni au ile kadi ya kidijitali inayofunguliwa kwenye pochi ya simu, na kiasi unachokatwa kwa shilingi hubadilika na thamani ya fedha. Tangu mwaka 2022 sheria ya kodi inataka kampuni za nje zinazouza huduma za kidijitali kwa watumiaji wa Tanzania zitoze VAT, basi usishangae kuiona. Halafu kuna anwani ya kutumia. Februari 2024 Google na Yahoo walikaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wingi: mtumaji athibitishe kikoa chake, aweke njia rahisi ya kujiondoa, na malalamiko ya barua taka yabaki chini ya asilimia 0.3. Ukitumia anwani ya Gmail ya bure kupitia huduma hizi, barua zako zina hatari kubwa ya kuangukia kwenye taka. Kwa vitendo, unahitaji kikoa chako, tuseme cha .co.tz, ambacho hulipiwa kila mwaka, na mtu wa kukiunganisha. Ongeza fedha hiyo kwenye hesabu kabla ya kusema huduma ni ya bure.

Mwenye wateja thelathini au arobaini hana haja ya haya yote. Gmail ya kawaida inaruhusu kufikia watu 500 kwa siku. Andika barua yako, anwani za wateja ziweke kwenye sehemu ya nakala fiche ili mmoja asione za wenzake, tuma. Kuziweka zote wazi juu ni kumgawia kila mteja orodha yako, na washindani wako nao wamo humo.

Upande wa mkulima, meseji ya kawaida bado haijapata mpinzani. Inaingia kwenye simu ya vitufe, haihitaji bando, na Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, hapakuwa na sababu ya meseji kusimama. Kampuni za hapa nchini na za jirani, Beem na Africa's Talking miongoni mwao, huuza meseji kwa wingi: unanunua salio, unapakia namba, unatuma kwa jina la biashara yako. Jina hilo lisizidi herufi 11. DUKALASALFA linaingia, ukiongeza herufi moja halipiti.

Chukua mfano wa muuza pembejeo, msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiriunga: "Salfa ya unga imefika. Mfuko wa kilo 25. Duka wazi saa 2 asubuhi hadi 12 jioni, Jumapili tumefunga. Hutaki meseji zetu? Piga namba ya dukani." Hiyo ina herufi 141, nafasi zikihesabiwa. Kikomo cha meseji moja ni 160, kwa hiyo umelipia moja. Weka emoji moja tu ya tabasamu mwishoni na mfumo wa herufi unabadilika: kikomo kinashuka hadi 70, ujumbe unakatwa vipande vitatu, unalipia meseji tatu kwa kila mteja. Ukiwa na wateja 400 na umeuziwa meseji kwa shilingi 20, shilingi 8,000 zimegeuka 24,000. Kunakili maandishi kutoka Word kunaweza kuleta balaa hilo hilo, kwa sababu ya alama za nukuu zilizopinda. Na ujue kuwa meseji inayotoka kwa jina la herufi haijibiki, ndiyo maana nimemwelekeza mteja apige namba ya dukani.

WhatsApp iko katikati. Programu yake ya biashara haina malipo, na wengi wanaitumia vizuri kwa picha za bidhaa. Kasoro yake ni kwamba orodha ya kutuma kwa pamoja ina kikomo cha watu 256, na inamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Mwenye gesti Ruangwa anayetaka kutangaza vyumba wakati timu ya Namungo inaikaribisha Simba au Yanga Uwanja wa Majaliwa atatuma kwa mia mbili, zikafika kwa themanini, asijue kwa nini. Mwombe mgeni aihifadhi namba pale pale anapokabidhi ufunguo.

Njia yoyote utakayoshika, ruhusa ya mteja ni lazima. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inadai ridhaa, utambulisho wa mtumaji na njia ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei Mosi 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume inayoisimamia, na ina masharti kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi, jambo linalokuhusu ukipakia majina ya wateja kwenye kompyuta za Ulaya au Marekani. Nje ya sheria kuna hali halisi ya mtaani. Watanzania wamechoshwa na meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Ujumbe usiotarajiwa hufutwa bila kusomwa, au hupelekwa 15040, namba ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ya kuripoti utapeli. Ukinunua orodha ya namba kutoka kwa mtu, unanunua hasira za watu usiowajua.

Kaunta buku ndiyo mwanzo mzuri. Chora safu: jina, kijiji, simu, barua pepe kama anaifungua kweli, anachonunua, tarehe aliyokubali, sahihi yake. Mwulize mteja swali moja, "Nikikuandikia, utaiona wapi kwanza?" na jibu lake liandike. Kila mwisho wa mwezi hamishia majina kwenye faili la Excel, nakala moja ibaki kwenye flashi nyumbani. Huduma utakayoichagua, ya meseji au ya barua pepe, ni lazima ikuruhusu kupakua orodha yako yote siku unayotaka kuondoka. Jaribu kuipakua siku ya kwanza, kabla hujalipa hata shilingi. Isiyokuruhusu, iache.

Kwa anayeuza kwa wakulima wa Nachingwea na Ruangwa, nunua meseji, kidogo kidogo, kwa jina la biashara. Kwa anayeuza korosho zilizobanguliwa au vifaa vya ofisi kwa walio mbali na walio maofisini, chukua huduma ya barua pepe inayotoza kwa barua unazotuma, na ulipie kikoa chako. Na kwa wote wawili: mkiahidiwa punguzo la kulipia mwaka mzima kwa mara moja, likataeni mpaka muwe mmeitumia huduma hiyo msimu mmoja.