Jiwe la Lengai halikai na rangi yake

Wapandaji wanaoondoka Engaresero usiku hufika juu ya Ol Doinyo Lengai alfajiri. Lava iliyotoka punde ni nyeusi kama oili chafu. Baada ya siku chache ni ya kijivu, kisha nyeupe. Mvua ikinyesha, hugeuka upesi zaidi. Atakayeiona wakati huo ataapa ni chokaa.

Siyo chokaa. Lengai ndiyo volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava ya kaboneti ya sodiamu, yenye joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, takriban nusu ya joto la lava ya kawaida. Madini yake makuu ni mawili: nyerereaiti, lenye jina la Mwalimu Nyerere, na gregoriaiti, lenye jina la J.W. Gregory, mwanajiolojia aliyechunguza Bonde la Ufa. Yote hayavumilii unyevu, kwa hiyo weupe ule ni dalili ya kuchakaa tu. Kuidondoshea ndimu nako hakusaidii kuitofautisha na chokaa, maana chokaa na lava zote hutoa povu. Tumia maji: jiwe la chokaa hubaki lilivyo, ila lava ambayo haijachakaa sana huanza kulainika, soda yake ikiyeyuka.

Ukielekea Longido, mtego ni mwingine. Mundarara hutoa mwamba wa kijani wenye madoa meusi na rubi nyekundu ndani yake. Ule ukijani ni zoisaiti, madini yaleyale ya tanzanite ya Mererani! Kromiamu huyapa ukijani, vanadiamu huyapa ubuluu. Tanzanite yenyewe, ilipopatikana mwaka 1967, ilidhaniwa kwanza kuwa yakuti ya buluu.

Wekundu nao hauaminiki, kwani ganeti nayo ni nyekundu. Mnunuzi makini huja na tochi ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Rubi mara nyingi huwaka wekundu mkali. Ganeti hubaki imezima. Dalali anayekataa jiwe lake limulikwe, mimi nisingemlipa hata shilingi.

Tukirudi Lengai, anayetaka kupeleka sampuli ya lava yake maabara aifungie ikiwa mbichi kwenye chombo kikavu kisichopitisha hewa. Akiitia mfukoni tu, mtaalamu atapima madini ambayo hayakuwemo lava ilipotoka.