Dhahabu ya Mahari: Ijue, Ipime, Itunze

Mwanzoni mwa mwaka 2010, mto Mkondoa ulipofurika na maji kuingia katika makazi ya mji wa Kilosa, familia nyingi zilihama nyumba zao na kwenda kuishi kambini. Katika siku kama zile mtu huondoka na kile anachoweza kukibeba. Gunia la mahindi hubaki, kitanda hubaki; mkufu na bangili huenda na mwenyewe. Ndiyo maana mama zetu waliihesabu dhahabu kuwa akiba kabla ya kuihesabu kuwa pambo. Lakini akiba hiyo huwa ya kweli pale tu dhahabu yenyewe inapokuwa ya kweli.

Namba ndogo, maana kubwa

Dhahabu safi huitwa ya karati 24. Ni laini mno, hupinda na kukwaruzika upesi. Kwa hiyo sonara huichanganya na fedha, shaba au madini mengine ili iwe imara. Karati 22 maana yake ni kwamba katika sehemu 24, sehemu 22 ni dhahabu. Mhuri wake ni 916, yaani sehemu 916 katika elfu. Karati 21 ni 875, karati 18 ni 750, karati 14 ni 585, na karati 9 ni 375.

Tuchukue mfano. Kijana wa Mikumi amekubaliana na wakwe zake wa Kilosa kutoa mahari ya mkufu wa gramu 10 wa karati 22. Ndani yake inatakiwa iwemo dhahabu safi gramu 9.16. Akiuziwa wa karati 14, mizani itasoma gramu zilezile 10, ila dhahabu iliyomo ni gramu 5.85 tu. Bibi harusi amepunjwa haki yake, na bwana harusi amebaki na deni asilolijua.

Mhuri peke yake hautoshi, kwani hugongwa kwa mkono wa mtu. Sumaku nayo husaidia kidogo: dhahabu hainasi, lakini hata shaba hainasi. Sonara hodari hukisugua kipambo juu ya jiwe jeusi la kupimia, akaudondoshea tindikali mstari uliobaki, kisha akaulinganisha na mstari wa dhahabu anayoijua. Omba upimiwe mbele ya macho yako. Stakabadhi itaje uzito, karati, bei ya dhahabu, na ujira wa ufundi peke yake. Mikumi iko kando ya barabara kuu iendayo Iringa na Zambia. Aliyekuuzia dirishani mwa basi asubuhi, jioni humpati tena. Aya ya 282 ya Surat Al-Baqarah inatuelekeza kuweka mashahidi tunapouziana.

Ya zamani kwa mpya

Wengi humpelekea sonara bangili kuukuu, wakaongeza fedha na kuchukua mpya. Hapa tahadhari inahitajika. Mtume (SAW) amefundisha kuwa dhahabu kwa dhahabu hubadilishwa kwa uzito sawa na mkono kwa mkono. Ziada ni riba. Bilal (RA) alipotoa pishi mbili za tende duni kwa pishi moja ya tende nzuri, alielekezwa auze kwanza zile duni, kisha anunue nzuri. Nasi tufanye hivyo: uza ya zamani, pokea fedha zako mkononi, ndipo ununue mpya.

Hesabu ya zaka

Kwa hesabu ya wanazuoni wengi wa leo, nisabu ni gramu 85 za dhahabu safi zilizotimiza mwaka wa Kiislamu, na zaka yake ni asilimia 2.5. Mwenye gramu 100 za karati 21 ana gramu 87.5 safi, amefikia. Mwenye gramu 90 za karati hiyo ana gramu 78.75, kwa dhahabu hiyo pekee hajafikia. Ama mapambo ya kuvaliwa, wanazuoni wamekhitilafiana: Mahanafi huyawajibishia zaka, na wengi wengineo, wakiwemo Mashafi, huyasamehe. Iliyowekwa akiba haina msamaha huo. Muulize sheikh wako.

Matunzo ya kila siku

Vua pete unaposugua masufuria kwa mchanga au majivu, maana humkwaruza hata aliye imara. Ivue pia unapofua kwa dawa ya kung'arisha nguo, kwani klorini hudhoofisha madini yaliyochanganywa. Zebaki ni adui mkubwa zaidi. Hushikamana na dhahabu na kuiharibu. Jipake manukato kwanza, uvae baadaye. Osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mwororo, ukaushe kwa kitambaa. Kila mkufu uwe na kifuko chake ili usijisokote. Wakati wa kutawadha, pete inayobana izungushwe ili maji yafike kwenye ngozi.

Mwisho, andika orodha ya dhahabu yako, uzito na karati, uiweke pamoja na stakabadhi ndani ya mfuko usiopenya maji, na nakala akae nayo mtu unayemwamini. Siku ya mafuriko utaibeba kwa mkono mmoja. Siku ya mirathi itawaepusha watoto wako na ugomvi. Wabillahi tawfiq.